Kengele ya Maksai Aliyechechemea

Kaka yangu alichukuliwa na maji ya mto unaokauka, ule ambao sisi wa Lodwar tunauvuka kwa miguu karibu mwaka mzima bila kulowa kisigino. Mvua ilinyesha milimani, sisi tukiwa juani. Alikuwa anavusha mbuzi. Mbuzi walifika ng'ambo. Yeye alipatikana kesho yake amenaswa kwenye mizizi ya mathenge, ile miti ya miiba, nguo zake zimejaa mchanga hata wanaume wakapata taabu kumbeba.

Naanza na mto kwa sababu nataka kusema ukweli tangu mwanzo. Mtu wako akifa kwa maji, hasira yako haina pa kwenda. Mto haushitakiwi, wala huwezi kuuvizia njiani. Baada ya muda si mrefu mto ule ulikuwa mchanga mtupu na watoto wanachezea mpira palepale. Nilikuwa napita hapo na hasira yangu kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa na haoni mahali pa kuitua. Kisha mtu mmoja akanipa mahali. Nitamwita mwenye spika, maana hivyo ndivyo mji unavyomjua.

Kwa asiye wa kwetu, lazima nieleze habari ya wimbo. Mwanamume wa Kiturkana huwa na maksai mmoja anayempenda kuliko ng'ombe wote. Humpinda pembe tangu akiwa ndama mpaka zikae atakavyo yeye, humvika kengele, na humtungia wimbo. Ndani ya wimbo humwita kwa jina. Kwenye ngoma, huyo mwanamume huruka akiwa ameinua mikono kwa umbo la pembe za maksai wake, na wenzake wa rika humwitikia. Wimbo huo ni wake kama vile uso ulivyo wake. Mtu mwingine hauchukui akauvaa. Nyumbani kwetu mwanamke hauimbi kabisa. Mimi wimbo wa kaka yangu naujua kama njia ya nyumbani, lakini haujawahi kutoka kinywani mwangu, na hata sasa hautatoka.

Maksai wake alikuwa wa kijivu, pembe moja imekuja mbele ya uso, nyingine imelala nyuma ya sikio. Alikuwa anachechemea. Alipokuwa ndama alitumbukiza mguu kwenye shimo la mnyama na mguu haukupona sawasawa. Kwa hiyo kengele yake haikulia kama kengele nyingine. Ililia mara mbili haraka, ikanyamaza, ikalia mara moja, ikanyamaza kidogo tu, ikaanza upya. Ungekuwa ndani unapika, ungejua ni yeye anayerudi. Kaka yangu aliutunga wimbo juu ya mwendo ule mbovu. Alipocheza alitua pale maksai alipotua. Wageni waliojaribu kumfuata walijikuta hewani wakati wengine wako chini, na watu wakacheka. Watu wa rika lake hawakukosea hata mara moja.

Mwenye spika alikuwa wa rika hilo. Alichunga mbuzi na kaka yangu, alikula kwetu, na mama yangu alimkemea na kumlisha kama wake. Baadaye aliacha mifugo akanunua spika kubwa, jenereta na kinanda, akawa mtu wa harusi, matanga na mikutano ya siasa. Siku ya mazishi alileta spika zake bila kuombwa. Alimwendea mama, akapiga goti, akamwomba simu ya kaka, kwa sababu ndani yake kulikuwa na sauti yake akiimba, na kengele ikisikika nyuma. Alitaka aipige kaburini. Mama akampa. Sauti ilipotoka kwenye zile spika, watu wazima walikaa chini. Mama alimtemea mate ya baraka kifuani, kama afanyavyo mzazi.

Hilo ndilo lililonichoma baadaye kuliko yote. Alibarikiwa.

Yule maksai alichinjwa kwenye matanga. Kengele ikabaki kwetu, ikaning'inizwa karibu na mlango. Mama alivua shanga zake zote, shingo yake ikaonekana nyembamba na changa, kama ya mtu mwingine.

Mimi nina kibanda karibu na mahali magari ya Kakuma yanapojazia abiria. Nachaji simu, na naweka nyimbo kwenye memori kadi. Shule yangu iliishia darasa la nane, lakini kompyuta niliizoea kwa kuigusa. Ndani yake nina nyimbo za injili, za Kongo, za Nairobi, za kila mtu. Baada ya mazishi sikuweza kuzisikia. Kila wimbo ulikuwa na mtu anayesema jambo, na mimi nilikuwa nimechoka kuambiwa.

Kulikuwa na kijana mmoja mchimba visima aliyekuwa amepanga chumba jirani. Alipohamishwa aliniachia flashi yake, akasema kuna muziki humo ambao hakuna mteja wangu atauomba. Aliuita posti-roki. Alinieleza kwamba ni magitaa na ngoma tu, hakuna anayeimba, na wimbo mmoja unaweza kuchukua muda wa kupika maharagwe. Wakati ule nilicheka. Sasa nikaufungua.

Ulianza polepole, gitaa moja kama mtu anayetembea kwenye nyumba akitafuta kitu bila kuwasha taa. Halafu gitaa la pili likaja kumsaidia kutafuta. Halafu ngoma kwa mbali. Sauti ikapanda, ikapanda, mpaka ikapasuka yote kwa pamoja, kisha ikarudi chini, likabaki lile gitaa la kwanza peke yake. Nililia ndani ya kibanda, waya zikiwa masikioni, na mteja amesimama mbele yangu na simu yake mkononi. Aliondoka, akaiacha simu.

Nilisikiliza flashi ile tangu nafungua hadi nafunga. Ilinitosha kwa sababu haikunitaka niseme lolote.

Kisha uchaguzi ukakaribia, na asubuhi moja pikapu ikapita na spika juu yake. Nilitoa waya masikioni kwa sababu nilihisi jambo kabla ya kulisikia. Ilikuwa sauti ya kaka yangu. Chini yake kulikuwa na kinanda, na mdundo wa mashine, tipu tipu tipu, umenyooka kama barabara ya lami. Kengele ilikuwa imeondolewa. Sauti ilikatwa vipande vipande ili iingie kwenye mdundo ule. Na pale kaka yangu alipokuwa anamwita maksai wake, jina lilifutwa, na sauti ya mwenye spika ikataja jina la mgombea.

Mama alikuwa sokoni. Waliomwona waliniambia kwamba alitua mtungi wake wa maji, akaketi pale pale katikati ya watu, hata boda boda zikawa zinampita pande zote mbili. Tangu siku hiyo hakuja tena mjini. Pikapu ilikuwa inazunguka kila siku, na ule wimbo watoto walikuwa wameshaushika. Mama yangu akawa mfungwa nyumbani kwake kwa sauti ya mwanawe mwenyewe.

Nilimwendea mwenye spika. Nilimkuta anapangusa vumbi kwenye kinanda. Tukasalimiana, ejok, ejok, kama kawaida. Nikamwambia alichofanya. Hakukana. Alisema ameusaidia wimbo, kwamba kule malishoni ungekufa pamoja na mwenyewe, na sasa mji mzima unauimba. Nikamwambia nataka kitu kimoja: asimamishe ule wimbo, na alitaje jina la maksai kwenye maikrofoni yake mwenyewe, mbele za watu, ili ijulikane wimbo ni wa nani.

Akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anayechekea mtoto.

"Dada yangu, ng'ombe hapigi kura."

Vijana wake wa kubeba spika wakaangua kicheko. Nikaaga nikaondoka. Aliona nimenyamaza, akadhani yameisha. Watu hukosea hivyo kuhusu mimi.

Tangu siku hiyo ile hasira ikawa na anwani. Nasema kweli, ilinipa nguvu. Nilianza kula tena. Niliamka nikijua ninachokitaka: alitaje jina lile. Sikutaka apigwe wala spika zake zivunjwe, ingawa nililiwaza hilo pia, na nililiwaza kwa raha. Nilitaka kinywa kilekile kilicholifuta jina ndicho kilirudishe, kwa spika zilezile.

Ajabu ni kwamba muziki wa flashi uliacha kunifaa. Nilianza kuusikia unavyotengenezwa. Kila wimbo ulianza kimya, ukapanda, ukapasuka, ukalala. Nikajua mpasuko utakuja lini kabla haujaja, kama unavyojua mzungumzaji fulani wa kanisani atalia wakati gani. Ulikuwa muziki wa mtu aliyelala chini anatazama dari. Mimi sikuwa nimelala tena. Nilitaka kitu kama huo, kisicho na maneno, kirefu, lakini kilichosimama kwa miguu.

Siku moja akaja Mkongomani mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, anangoja gari la kurudi na simu imezima. Alikuwa amebeba gitaa lililofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Akasikia kinachovuja masikioni mwangu, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa adabu kama mtu anayeonja mboga ya mwenzake.

"Dada, huu muziki nani amekufa?"

Nikamwambia.

Akaomba radhi, akakaa juu ya kreti. Baadaye akasema hakuwa na nia mbaya, ila huo muziki anaujua, aliupiga miaka miwili na wenzake huko kambini mpaka wakachoka. Wote walikuwa wanangoja mahali pa kulipuka tu. Sasa wanafanya vingine, wanajaribu, wakati mwingine inakuwa takataka.

"Ule wako unalala, dada. Kuja Kakuma usikie yenye imeamka."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Sikumwambia mama ninakokwenda, nilisema nafuata chaja. Mkongomani alinipokea barabarani, tukapita maduka ya Wasomali, tukapita mahali wanapokaanga kahawa, tukaingia kwenye chumba cha mabati ambacho siku nyingine ni kanisa. Ndani kulikuwa na joto la kutosha kuoka mkate. Alikuwapo dada mmoja wa Sudan Kusini, mrefu, mpiga ngoma wa hilo kanisa, mwenye ngoma moja ya ngozi, jeri mbili za plastiki za kuchotea maji na bati la mafuta ya kupikia. Hao ndio bendi yenyewe, wawili tu.

Walipoanza nilidhani wanagombana. Gitaa lilipita kwenye kisanduku ambacho Mkongomani alikikanyaga kwa mguu, likatoka likiwa limekwaruzika, kama redio inayotafuta stesheni. Dada yule alikuwa anapiga mdundo, ukiuzoea anauacha, anaukata mahali usipotarajia, anacheka. Hapakuwa na kupanda kuelekea kilele. Kilele kilikuja mwanzo, kikaondoka, kikarudi kwa mlango mwingine kimevaa nguo nyingine. Mara gitaa lilinyamaza kabisa na ikabaki jeri tupu ikiongea. Mguu wangu ulikuwa unatikisika na sikujua nimeuanza lini. Mwili wangu ulikuwa haujatikisika tangu mazishi.

Hapo ndipo nilipojua nitafanya nini.

Niliwasikilizisha sauti ya kaka yangu, ile ya kwenye simu, iliyorudi kwetu baada ya mazishi, nzima, na kengele yake. Mkongomani aliipenda sauti lakini akapotea kwenye hesabu. Alijaribu kuingia na gitaa, akaanguka nje, akajaribu tena, akaanguka. Akasema huyu ndugu alikuwa hajui kuhesabu. Dada wa Sudan alikuwa amefumba macho. Kwao nako wana ng'ombe. Akaniuliza kwa Kiarabu cha Juba kilichochanganyika na Kiswahili, mnyama yule alikuwa mgonjwa mguu gani.

"Wa mbele, wa kushoto," nikasema.

"Kwes," akasema, yaani vizuri. "Basi hajapotea. Anachechemea tu."

Akainuka, akaanza kutembea pale ndani huku akichechemea, mguu wa kushoto ukiburuta, na mikono yake ikipiga hewani kila unyayo ulipogusa chini. Mara mbili haraka, kimya, mara moja, kimya kidogo. Alizunguka chumba hivyo mpaka Mkongomani naye akainuka akamfuata nyuma, gitaa shingoni, wote wawili wanachechemea kama ng'ombe wa kweli. Ningekuwa mtu wa kucheka ningecheka. Walipokaa kwenye vyombo vyao walikuwa wameupata. Jumamosi iliyofuata niliwaletea kengele yenyewe, nimeifunga ndani ya leso. Mama aliniona nikiitoa mlangoni. Alisogea nipite.

Walinirekodia kwa simu tatu zilizowekwa pembe tofauti za chumba, nami nikaviunganisha vipande kwenye kompyuta yangu, nikijifunza kwa kuharibu. Tulibishana. Mkongomani alitaka gitaa lake likae mbele, nikamwambia mbele kuna mwenye wimbo. Akasema mimi ni mkali kuliko kasisi. Nilikubali. Mwishowe ikawa hivi: kengele peke yake kwanza. Bati la mafuta linaingia juu ya kengele. Gitaa linakwaruza, linapotea, linarudi kwa kasi. Kisha sauti ya kaka yangu, haijakatwa, na chini yake jeri zinachechemea kwa nguvu kiasi kwamba huwezi kukaa. Pale mwisho, kabla tu hajamwita maksai kwa jina, niliinyamazisha sauti yake kwa makusudi. Niliacha pengo. Ni mimi niliyetaka pengo lile, na wale wawili hawakuelewa kwa nini, nami sikuwaeleza.

Ule muziki wa kulala usingefaa. Watu wangeusikiliza wakihuzunika na kwenda nyumbani. Kisasi changu kilihitaji miguu.

Mwenye spika alikuwa bado mteja wangu. Kila palipokuwa na mkutano mkubwa alipitia kibandani asubuhi nimjazie kadi kwa mpangilio, maana kompyuta yake ilikuwa imeliwa na vumbi. Kuthubutu kwake kuendelea kuja kulionyesha alivyonidharau. Siku ya mkutano wa mgombea kwenye uwanja wa soko la mifugo alikuja mapema, shati jipya, anakula mandazi. Nikachomeka kadi, nikatoa wimbo wake wa pikapu, nikaweka wetu palepale ulipokuwa.

"Umeweka ule wa mheshimiwa, ule wa kumwingiza?" akaniuliza.

Sikumdanganya. Sijui kudanganya, na siku hiyo nisingetaka hata kama ningejua.

"Nimeweka wimbo wa kaka yangu," nikasema.

"Huo huo," akasema, akatia kadi mfukoni, akaniachia andazi moja.

Nilifunga kibanda nikaenda uwanjani. Ilikuwa siku ya soko, kwa hiyo wachungaji wa pande zetu walikuwepo na mbuzi wao. Niliwaona watu wa rika la kaka yangu, wamesimama wametawanyika, kila mtu na fimbo yake na kiti chake kidogo cha mbao. Sikuwa nimezungumza na yeyote kati yao. Sikuhitaji. Spika zilikuwa zimeelekezwa pande zote. Mwenye spika alikuwa akijivunia kwamba spika zake zinasikika mpaka ng'ambo ya mto, na ni kweli, zinafika hadi kwetu.

Mgombea aliposhuka garini, mwenye spika akatangaza kwa sauti kubwa, akabonyeza.

Kengele ikalia, mara mbili haraka, ikanyamaza, ikalia mara moja.

Mwenye spika alitazama mashine yake kama mtu aliyepewa chakula ambacho hakukiagiza. Akadhani ni hitilafu, akagusa nyaya. Bati la mafuta likaingia, gitaa likaanza kukwaruza. Watu wa mjini wakaangaliana. Karibu yangu mama mmoja muuza tumbako akauliza kama ni kilio cha ambulensi. Lakini mimi nilikuwa natazama wachungaji. Kichwa kimoja kiligeuka, kisha kingine upande wa pili wa uwanja, kama mbuzi wanaposikia mluzi. Walikuwa wameitambua ile kengele. Na sauti ya kaka yangu ilipotoka, nzima, kubwa, mtu mmoja mbali kule akatua kiti chake chini, akainua mikono, mmoja mbele ya uso, mwingine nyuma ya sikio.

Kisha wengine. Wakasogeleana wakiwa wanaitikia. Wakaruka, wakatua pale maksai alipotua, wote, na vumbi likainuka. Jeri za Kakuma ziliwabeba. Watu wengine wakavutwa ndani, hata wale ambao hawakuujua mdundo, wakawa hewani wakati wenzao wako chini. Wapambe wa mgombea walipiga makofi, walidhani imepangwa. Mgombea mwenyewe aliingia akaruka, mikono yote miwili juu kama mtu anayesalimu amri. Vijana waliokuwa wakiimba ule wimbo wa pikapu mitaani walikuwa wamesimama vinywa wazi, wanausikia wimbo wenyewe kwa mara ya kwanza.

Mwenye spika akachomoa waya.

Spika zikafa. Ngoma haikufa. Wale wanaume waliendelea kwa vinywa na miguu, wakafika pale pale nilipoacha pengo, pale mwimbaji anapomwita maksai kwa jina na rika hujibu. Wakangoja. Hapakuwa na mwimbaji. Ukimya ule ulikuwa mkubwa kuliko spika. Na mmoja mmoja wakaanza kumtazama mwenye spika, kwa sababu alikuwa wa rika lao, alikuwa anaujua, na maikrofoni ilikuwa mkononi mwake. Mikono yao ilikuwa bado juu. Hakuna aliyemtisha. Walimngoja tu na pembe za mnyama wa rafiki yake.

Akanitafuta kwa macho, akaniona. Nadhani ndipo alipokumbuka nilichomwambia asubuhi.

Akalitaja jina kwa mdomo, chinichini, waya ukiwa bado umechomolewa. Waliokuwa karibu walisikia.

Nilipita katikati ya watu mpaka nikafika mbele yake.

"Kwa maikrofoni," nikasema.

"Dada yangu, mheshimiwa anangoja."

"Kwetu pia tunangoja."

Alichomeka waya. Mara ya kwanza alikosa tundu, na nilifurahi kumwona akikosa. Akalitaja jina la maksai wa kaka yangu, na spika zikalipeleka pande zote, na wale wanaume wakalijibu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu kaka akiwa hai. Kisha wakateremsha mikono, wakaokota viti vyao, wakarudi kwa mbuzi wao. Mkutano ukaendelea kuhusu mabomba ya maji.

Sitasema kwamba nilihisi utupu, kama watu wanavyopenda kusema kuhusu kisasi. Kilikuwa kitamu. Nilitembea kurudi nyumbani nikivuka ule mto mkavu, na kwa mara ya kwanza niliuvuka bila kuutukana.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, ameelekeza uso mjini. Nilirudisha kengele mahali pake. Nikamuuliza kama amesikia.

"Nimesikia," akasema. "Amelitaja kama mtu anayetema mfupa."

"Lakini amelitaja."

"Atalitaja tena. Hapa. Bila hizo spika."

Mwenye spika alipokuja kibandani wiki iliyofuata, hakuwa na kadi. Alisimama kama mteja asiyejua anataka nini. Wimbo wa pikapu ulikuwa umekwisha mjini. Mgombea alikuwa ametafuta wimbo mwingine. Watu walikuwa wanakuja kuniomba ule wa kengele niwawekee kwenye simu zao, na nilikuwa nawakatalia wote. Nikampa maneno ya mama kama nilivyopewa, bila kuongeza chumvi. Aliniuliza tu mama anapatikana saa ngapi, swali la kijinga, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemfanya asitoke.

Alikwenda. Mimi nilifika nikamkuta ameshaketi mchangani, miguu ameikunja kama alivyokuwa anakaa zamani akila kwetu. Kile kiti kidogo cha mbao cha kaka yangu kilikuwa kando ya mlango, chini ya kengele, na hakikuguswa. Alilitaja jina mara moja, vizuri, jinsi linavyotakiwa kuitwa, kwa kuvuta mwisho wake kama mtu anayemwita mnyama aliye mbali. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampa maji ya kunywa, kwa sababu jua lilikuwa kali.

Hakumpa kiti, wala hakumtemea tena baraka, na mimi sikumwambia afanye hivyo.

Jumamosi bado naenda Kakuma. Wale wawili sasa wanajaribu kitu kipya, bati limejazwa maji, gitaa limelazwa chini linapigwa kwa kijiko. Nusu yake ni takataka, na wanajua. Nakaa kwenye benchi la kanisa lile, ndani ya joto, mguu wangu unatikisika. Ile flashi ya mchimba visima ninayo bado, lakini sijaifungua tena.